Jua la Huku Linawahi

Sumbawanga,
14 Julai 2025

Mdogo wangu Mahmud,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, kama uzima ni kulala na kuamka. Baridi ya mwaka huu imekaza kweli. Asubuhi maji ya ndoo yanauma mpaka kwenye kucha, na upepo unaingia dukani nikiwa nimejifunga mashuka mawili kama mgonjwa. Maharage ya shamba la Pito tumeshayavuna, si haba. Mama mkubwa Hilaria alipanda kutoka Ilemba wiki iliyopita kuja kumwona mdogo wake, akakuta kitanda kimetandikwa. Alikunywa chai, akashuka bondeni siku hiyo hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Usipige simu, sitapokea. Maneno ya simu ulishayakana mara mbili. Ulimwambia mama mkubwa kwamba hukuniahidi wiki tatu, wakati masikio yangu haya mawili yalisikia wiki tatu. Kwa hiyo andika. Nataka karatasi yenye mwandiko wako, siku ya kikao cha ukoo niiweke mezani.

Ulikuja mwezi wa sita, ukakaa siku nne. Ukamkuta mama anaota moto kwenye jiko la mkaa, ukasema mbele ya wageni kwamba namfuga mama kama kuku wa kienyeji. Mimi, niliyelala naye chumba kimoja miaka kumi na tisa tangu nirudi kutoka kwa yule mwanamume. Sijalisahau neno hilo na sitalisahau. Kama shida ilikuwa baridi, Ilemba kuna joto la kutosha, tena kuna dada yake wa tumbo moja, na ni safari ya nusu siku tu. Wewe ukampeleka kisiwani, mtu ambaye hata Ziwa Rukwa alikuwa analitazama kwa mbali.

Wiki tatu ziliisha tarehe ishirini na tisa Juni. Mama anarudi lini? Niandikie siku. Usiniandikie "karibuni".

Dada yako,
Shida


Kilindoni, Mafia,
5 Agosti 2025

Dada Shida,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa imekunjika kama noti ya sokoni, lakini inasomeka, na hasira zake zote zimefika salama. Sisi hatujambo. Wifi yako Stumai anakusalimu na anasema hata yeye hukumuaga vizuri siku ile. Watoto wanasoma. Mashine yetu ya barafu iliharibika siku tano, wavuvi wakanitukana mpaka marehemu baba, ila sasa inafanya kazi.

Mama mzima. Ngoja nikueleze ucheke kidogo. Siku tuliyofika alishuka botini kavaa sweta mbili na juu yake koti la baba. Gatini watu waliacha kazi wakamtazama. Stumai alimvua moja moja kama anamenya kitunguu. Wiki ya kwanza alikuwa analala mchana kutwa na kuamka akilalamika kwamba jasho linamwingia masikioni, na kwamba huku hata maji ya kunywa yana joto kama ya mgonjwa. Chakula nacho vita. Kila anachopewa anakinusa: "Na hiki nacho kina nazi?" Anataka ugali wa ulezi. Nitautoa wapi ulezi Mafia?

Lakini sasa anavaa kanga tu na anakaa upenuni. Na magoti, dada! Anasujudu bila kushika kiti. Nimeona kwa macho yangu.

Kinachomsumbua ni jua. Si unajua saa ni moja nchi nzima, na huku tuko mashariki kabisa? Basi jua linatutangulia karibu nusu saa kuliko nyie. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni limeshazama, wakati huko bado mnapimia wateja maharage bila taa. Mwili wa mama umebaki na saa ya Sumbawanga. Kila jioni anashtuka: "Mahmud, mbona mmeniwashia giza mapema?" Anapapasa kikombe wakati sisi wengine bado tunaonana vizuri tu. Watoto wanamwambia, "Bibi, jua la huku linawahi." Imekuwa mchezo wa nyumba nzima. Akijikwaa kizingitini anawahi kusema yeye mwenyewe, "Jua la huku linawahi," na wote tunacheka.

Kuhusu siku: bosi wangu, Mzee Masalu, hajanipa likizo, na huyu si mtu wa kusafiri peke yake. Acha baridi iishe. Septemba nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni.

Mdogo wako,
Mahmud


Sumbawanga,
1 Septemba 2025

Mdogo wangu Mahmud,

Marahaba. Mwambie Stumai salamu zimefika, na kwamba siku ile sikumuaga mtu yeyote, asidhani alionewa peke yake. Huku baridi imevunjika. Sasa ni vumbi na moshi, watu wanachoma mashamba, ukianika nguo nyeupe inarudi ya kijivu. Debora wa duka la pili, yule muuza vitenge, amepata mjukuu wa kike. Mama mkubwa ametuma samaki wakavu kutoka bondeni, nimewaweka, mama akirudi atawakuta.

Ya magoti nimeyasoma mara tatu. Alhamdulillahi. Nikuambie ukweli, nilikasirika. Miaka yote nimempaka dawa, nimemkanda kwa maji moto, na wewe kwa miezi miwili ya jua umemnyoosha. Sikujua mtu anaweza kukasirishwa na mama yake kusujudu. Nimeomba msamaha kwa Mungu, kwako bado.

Hiyo habari ya kumcheka jioni siipendi. Mtu amekaa chini ya jua moja miaka sabini na moja, halafu mnamwahishia machweo nusu saa nzima, mnataka azoee kama kuku aliyebadilishiwa banda? Mwambie jua lake liko huku, tunamtunzia. Jana saa kumi na mbili na nusu jioni lilikuwa bado linanichoma shingoni nikifunga duka. Akirudi atalikuta pale pale.

Na dawa zake anatumia zote? Nauliza tu.

Septemba umeiandika wewe, tena kwa kalamu ya wino. Leo ni tarehe moja. Nimefua mashuka yake.

Dada yako,
Shida


Kilindoni, Mafia,
12 Oktoba 2025

Dada Shida,

Shikamoo. Hongera za mjukuu mfikishie Debora. Barua yako ilikaa Dar wiki nzima, nadhani kwa mtu aliyeahidi kuipeleka Nyamisati kwenye boti akasahau. Tu wazima. Mtoto wa pili alipata homa, amepona. Joto limeanza kupanda na upepo umekufa, shati linakauka mwilini kabla hujamaliza kutoka jasho, kisha linalowa tena.

Septemba imepita, najua, usiniandikie. Masalu kaninyima likizo mara ya pili. Nadhani tuvute mpaka mvua za vuli ziishe, bahari nayo itulie.

Mama siku hizi hapendi kutoka nje mchana. Anasema jua la huku ni jeupe mno, mchanga unalirudisha usoni, linamchoma macho. Anakaa ndani na jioni ndiyo anatoka, lakini jioni nayo unajua habari yake. Si kitu. Nadhani ni hali ya hewa tu, mtu wa milimani anachukua muda. Ameacha kuchagua mchele, Stumai anachagua mwenyewe, na hiyo si vibaya, apumzike.

Umeuliza dawa. Ile ya kuchua miguu iliisha, nimemnunulia nyingine. Au kuna dawa nyingine? Kama ipo niandikie jina.

Mdogo wako,
Mahmud


Sumbawanga,
20 Novemba 2025

Mdogo wangu Mahmud,

Marahaba. Mvua imeanza kwa kishindo, barabara ya Pito ni matope, bodaboda wanapandisha nauli kwa kila tone. Tumepanda mahindi. Mwaka huu nimepanda bila mama, mbegu nimechagua kwa kubahatisha, maana siku zote yeye ndiye alikuwa anaziangalia moja moja kiganjani na kutupa zenye doa.

Debora alinionyesha picha uliyomtumia, mama kakaa kwenye kiti cha plastiki. Nimeomba simu yake nikaiangalia nikiwa peke yangu. Mahmud, mama kavaa kanga kinyume. Ule upande wa maandishi umeingia ndani na maneno yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto kama kwenye kioo. Wewe unamjua mama. Mwanamke aliyenirudisha kutoka barabarani siku ya harusi ya Debora kwa sababu pindo langu lilikuwa limegeuka! Na uso wake hautazami simu. Umeelekea pembeni, kama mtu anayesikiliza mlango.

Nieleze ni nini. Usiniambie hali ya hewa. Habari za hali ya hewa nasikiliza redioni. Kila barua unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mara Masalu, mara bahari, mara mvua za vuli. Wewe humzuii mama kwa ajili ya likizo. Kuna kitu unakificha, na kama hutakiandika napanda basi. Duka nitalifunga, lioze.

Dada yako,
Shida


Kilindoni, Mafia,
14 Desemba 2025

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa hivi ninavyokuandikia.

Mama haoni.

Usije bado. Soma mpaka mwisho.

Sijui ilianza lini hasa. Tulikuwa tunacheka habari ya jua. Kila jioni alikuwa anasema giza limewahi, na mimi nilikuwa na jibu tayari, la nusu saa, jibu la kweli kabisa, hata mwalimu wa jiografia angelisahihisha kwa tiki. Kila alipojikwaa nilimpa lile jibu. Mwishoni mwa Oktoba aliniita mchana, saa saba, mlango umefunguliwa wazi, akaniambia, "Mahmud, leo jua limewahi sana." Hapo sikucheka.

Nilimpeleka Dar kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, ya muda mrefu. Amesema kilichokwenda hakirudi, si kwa miwani wala kwa kupasua. Aliniuliza kama kuna matone aliyokuwa akiwekewa. Nikamwambia hapana, yangekuwepo dada yangu angeniambia. Akamuuliza mama mwenyewe. Mama akasema hajawahi kupewa dawa yoyote ya macho maishani mwake.

Sasa sikia kosa langu. Tukiwa kwenye boti tunarudi, mama aliniuliza daktari amesema nini, maana alizungumza kwa haraka na mama hakuelewa. Nilishindwa. Nikamwambia daktari amesema ni hali ya hewa, kwamba joto na chumvi ya huku vimeweka mvuke machoni, kama kioo cha basi kinavyofanya wakati wa mvua, na akirudi kwenye upepo wa Sumbawanga utaondoka taratibu. Aliushika mkono wangu akaubusu. Tangu siku hiyo ana furaha, dada. Hana wasiwasi hata kidogo. Anawaambia majirani, "Mimi sina ugonjwa, ni nchi yenu hii." Anapanga atakachoanza kutazama akifika.

Ndiyo sababu simleti. Akiwa huku, giza ni la kisiwa. Akifika huko, litakuwa lake.

Mahmud


Sumbawanga,
2 Februari 2026

Mahmud,

Marahaba. Huku sisi wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Mama mkubwa anakohoa, ila anatembea.

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Nilianza kukujibu mara nne nikachana. Hii nitaimaliza.

Dawa ilikuwepo.

Mwaka juzi mama alilalamika macho, nikampeleka kliniki, wakampima wakasema presha ya macho, na kwamba asikose matone hata siku moja, maana kazi yake ni kulinda kile kilichobaki. Nilikuwa namwekea mimi, kila jioni nikishafunga duka. Anakaa kwenye kigoda, anainua uso, namdondoshea. Sikukuambia kwa sababu hujawahi kuniuliza mama anaumwa nini. Ulikuwa unauliza, "Mama hajambo?" Nami nilikuwa nasema hajambo.

Siku uliyosema neno lile la kuku wa kienyeji, mimi ndiye niliyefunga begi lake. Chupa nilikuwa nayo mkononi. Nikairudisha kwenye droo. Nilijiambia ni wiki tatu tu, na kwamba huyu anayejua kutunza aanze kwa kuuliza anatunzwaje. Nilitaka upige simu kwa aibu. Nilitaka useme, "Dada, naomba unielekeze." Hicho tu ndicho nilichotaka, Mahmud, na nilikitaka sana kuliko nilivyoyataka macho ya mama.

Wiki tatu zikawa miezi. Nikauliza kwa kuzunguka, "dawa zake zote." Ukaniuliza Oktoba waziwazi kama kuna nyingine. Swali lako nililisoma, nikakuandikia habari ya kanga. Nilikuwa nimeshaogopa. Ningeandika jina la dawa, ungeniuliza kwa nini sikuifunga.

Na mama alimwambia daktari hajawahi kupewa. Mama, ambaye jina la ile dawa alikuwa analitamka vibaya kila jioni mpaka tunacheka. Nadhani alinifichia aibu. Sijui niiweke wapi hiyo.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi, maana hata mimi naona ni rahisi mno. Nakuomba umlete. Deni la kumdanganya usilibebe peke yako. Mlete, hata kama atajua.

Shida


Kilindoni, Mafia,
1 Machi 2026

Shida,

Nimeanza bila salamu kwa sababu sina ya kukupa.

Nimesimama mbele ya daktari nikakudhamini. Nilisema, dada yangu angeniambia. Miezi yote hii nimekuwa nikijilaumu kwamba joto la huku ndilo lililomharibu, kwamba ni mimi, na safari yangu, na ujuaji wangu. Nilikuwa naamka kabla ya watoto na kumkuta kakaa kwenye mkeka, nikashindwa kumsalimia. Na wewe ulikuwa umekaa juu ya hiyo droo.

Lile neno la kuku nililisema. Nalijua. Lilikuwa neno baya. Lakini lilikuwa neno tu.

Ramadhani imetukuta hivi. Mama anafunga, hatukuweza kumzuia. Adhana ya magharibi inapigwa, tunamwekea tende mkononi, hali. Anasema, "Kwetu jua bado." Anakaa na tende yake nusu saa nzima, wakati sisi tumeshafuturu na aibu yetu. Stumai alimwita sheikh wa msikiti wa jirani, akamweleza kwa upole kwamba mtu hufuturu kwa jua la mahali alipo. Mama akamjibu, "Jua la hapa mimi silioni, sheikh. Nafuata lile ninalolijua." Sheikh akaniambia mimi nimwache.

Nimesoma barua yako mara nyingi ili nikuchukie vizuri, lakini kila nikifika kwenye kigoda nashindwa.

Baada ya Idi namleta. Masalu amenipa siku saba, na ukweli ni kwamba hajawahi kuninyima, nilikuwa sijamwomba. Nitamfikisha mlangoni na sitaingia. Mimi nimemdanganya tangu Novemba. Utakapofika wakati wa kumwambia kweli, utamwambia wewe. Hiyo ndiyo kazi niliyokuachia.

Mahmud


Sumbawanga,
6 Aprili 2026

Mwanangu Mahmud,

Ni mimi mama yako nasema, Shida anaandika. Nimefika salama na mwili umepumzika. Nimekuta ulezi, nimekula ugali mpaka nimeona aibu. Upepo wetu umenipokea vizuri. Nimekaa nao uani siku tatu, na ule mvuke umeondoka taratibu, kama daktari alivyosema. Naona. Naona mlango na naona mti wa mparachichi umezaa. Dada yako naye namwona, amenenepa. Sasa acha wasiwasi, fanya kazi yako, lea watoto. Msalimie Stumai, mwambie samaki wake nimewakumbuka na nazi yake sijaikumbuka. Mungu akulinde.

Hapo ndipo mama alipoishia. Yanayofuata ni yangu, na haya sitamsomea.

Sijanenepa. Uliniona kutoka kwenye bajaji ukiwa umemshika mkono, ukamwelekeza kwenye bega langu, ukarudi ndani ya bajaji. Nilikuwa nimepika. Sikulaumu.

Asubuhi ya kwanza aliniamsha mapema akasema nimtoe uani, nimwelekeze mashariki, nimfungue mtandio ili upepo umfikie vizuri. Kulikuwa na ukungu kweli, ule wa masika unaolala mpaka kwenye madirisha. Nikamwambia, "Mama, kuna ukungu." Akasema, "Basi tunausubiri." Nikamletea uji. Saa moja na nusu ukungu ulikuwa umekwisha. Akauliza, "Bado?" Nikasema bado. Saa mbili akauliza, nikasema bado. Saa nne jua lilikuwa limempiga usoni, anatoka jasho kwenye paji, na mimi nimesimama mbele yake nasema, "Bado, mama, leo umekuwa mzito." Akanyoosha mkono akaugusa uso wake, akasema, "Shida, ukungu gani huu unachoma?"

Nikamvutia mtandio kichwani. Kisha akasema, "Kwa hiyo si kisiwa."

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Chupa, begi, droo. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Najua. Nilikuona ukiirudisha. Siku ile nilikuwa bado naona." Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikaa Mafia miezi tisa bila kukuomba dawa, akijua dawa ipo. Akasema, "Ningesema, Mahmud angekuwa amesema kweli mbele ya wageni. Nilidhani ni wiki tatu."

Nililia kwa sauti mpaka Debora akachungulia ukutani. Mama hakulia. Alinisubiri nimalize kama anavyosubiri mtoto amalize, akasema, "Lete karatasi." Akaniambia maneno yale ya juu, moja moja, kwa sauti ya furaha. Nilikataa. Nikamwambia tumeshadanganyana vya kutosha, kila mmoja kwa zamu yake. Akasema, "Wewe nilikusitiri, sikukuuliza. Na huyo naye ni mwanangu. Andika." Akanitaka nimsomee mara mbili kuhakikisha sikuruka neno.

Sasa unajua, na yeye hajui kwamba unajua, na mimi ndiye nimevunja agizo lake. Nimefanya hivyo kwa sababu sitaki ufurahi kweli halafu siku moja uje umkute haoni. Jioni bado anakaa kwenye kigoda saa ile ile, anainua uso. Namwekea. Kliniki wamesema haina faida tena, lakini hajaniambia niache.

Anauliza kila siku kama umejibu. Kwa hiyo jibu upesi, na ujibu kama mtu aliyeamini. Mwambie umelia kwa furaha, uliza parachichi zimezaa kiasi gani, mtanie kuhusu nazi. Usiweke hata neno moja la huruma, atalisikia. Atanikalisha mbele yake nimsomee, na nitamsomea bila kutetemeka, maana nimeshaanza kufanya mazoezi.

Dada yako,
Shida